Vijana na keja: Dipoziti hupotea siku ya kuingia, si siku ya kuhama

Kuanzia tarehe 28 hadi tarehe 5, barabara za Roysambu, Kahawa West, Pipeline na Rongai hujaa pikapu na mikokoteni ya kuhamisha vyombo. Godoro juu, mtungi wa gesi katikati, televisheni imefungwa ndani ya blanketi. Waulize vijana hao kilichowatoa walikokuwa, utaambiwa ni maji, kelele, kodi imepanda au kazi imehamia upande mwingine wa mji. Kisha waulize kama wamerudishiwa dipoziti. Wengi watakucheka.

Wanacheka kwa sababu walishakata tamaa. Mjini, kijana akilipa dipoziti huihesabu kama pesa iliyokufa. Ndiyo maana mwezi wa mwisho hukataa kulipa kodi na kumwambia landilodi, "Kula dipoziti." Landilodi naye, kwa kuujua mchezo huo, huanza kudai dipoziti ya miezi miwili, au huitumia mapema kabla mpangaji hajafikiria kuhama. Kila upande unajihami dhidi ya mwenzake na wote wanaumia. Mpangaji mwaminifu hatoki na kitu. Landilodi mwaminifu anaachiwa sinki iliyovunjika na bili ya maji, bila hata shilingi ya kurekebisha.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme umepata bedsita ya Sh9,000. Siku ya kuingia unalipa kodi Sh9,000, dipoziti Sh9,000 na dipoziti ya maji na stima Sh2,000. Hizo ni Sh20,000 kabla hujalipa pikapu. Ukihama mara tatu ndani ya miaka mitano na kila mara dipoziti zote zikazama, umepoteza Sh33,000. Kwa kijana anayepokea Sh30,000 kwa mwezi, huo ni mshahara wa mwezi mzima na zaidi, umekwenda bila hata kesi.

Hoja ya makala haya ni kwamba pesa hizo mara nyingi hazipotei siku unapohama. Zilipotea siku ulipoingia, ulipotuma pesa kwa nambari usiyoijua ni ya nani, ukapokea funguo na kutandika godoro bila kuandika chochote.

Sheria iliyokwama kwenye Sh2,500

Kwanza tuelewe kwa nini karatasi yako ina uzito kuliko unavyodhani. Kenya ina sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za makazi, Sura ya 296, ambayo asili yake ni enzi za mkoloni. Inaunda jopo la kusikiliza mizozo kati ya wapangaji na wenye nyumba, na inaweka kodi halali kwa kuangalia hali ilivyokuwa Januari 1, 1981. Tatizo ni kwamba inagusa nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi pekee.

Jiulize, ni nani kati ya marafiki zako anayelipa Sh2,500? Wapo, hasa kwenye nyumba za mabati Mathare, Kibra na Mukuru. Lakini kijana aliye Zimmerman, Bamburi au Kinoo yuko nje kabisa ya sheria hiyo. Jopo lililoundwa kumsikiliza mpangaji wa kawaida halina mamlaka juu ya nyumba yake.

Mwaka 2021 mswada uliwasilishwa katika Bunge la Taifa ili kuunganisha sheria tatu za zamani kuhusu wapangaji na wenye nyumba ziwe moja. Bunge lile lilimaliza muda wake mwaka 2022 bila mswada huo kuwa sheria. Wakati huohuo, tangu 2023 mwenye ajira anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake anaongeza kiasi sawa na hicho. Kwa hivyo tunachangia nyumba ambazo huenda tukaishi kesho, ilhali nyumba tunamolala leo tumeachiwa kujitetea wenyewe.

Bado una haki zako

Usidhani kwamba hapo kati hakuna kitu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inagusa kila mkataba wa kupanga, na ina mambo manne ambayo kila mpangaji na kila landilodi anafaa kuyajua.

La kwanza, makubaliano ya mdomo ya kupanga kwa muda mfupi ni halali. Kama hamkuandikiana, haimaanishi huna mkataba. Inamaanisha una mkataba ambao itakuwa kazi kubwa kuuthibitisha.

La pili, mwenye nyumba anatakiwa kukupa nyumba inayofaa binadamu kuishi na kuidumisha hivyo. Kama umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mitaro mikuu na sehemu mnazotumia pamoja, kama vile ngazi, ni jukumu lake.

La tatu, ukitoka unatakiwa kuiacha nyumba ilivyokuwa ulipoingia, lakini sheria inatoa kando uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa miaka miwili ya jua ni uchakavu wa kawaida. Kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa kila siku ni uchakavu wa kawaida. Kioo ulichovunja ukihamisha kitanda si uchakavu, hicho ni chako. Vita vingi vya dipoziti viko kwenye mpaka huu.

La nne, notisi. Kama unalipa kodi kila mwezi, notisi ya kuondoka isipungue mwezi mmoja na imalizike siku ya kulipa kodi. Hapa vijana wengi huteleza. Ukilipa kodi kila tarehe 1, kisha utoe notisi Machi 10, mwezi mmoja unaisha Aprili 10, lakini hiyo si siku ya kodi. Notisi yako itamalizika Mei 1. Ukitoka Aprili 10, landilodi ana sababu ya kudai kodi ya Aprili nzima kutoka kwa dipoziti yako. Ukitaka kutoka Aprili 1, mpe notisi kabla ya Machi 1. Kanuni hiyohiyo inambana landilodi anayekwambia Ijumaa kwamba nyumba inatakiwa Jumatatu.

Kabla hujatuma pesa

Nyumba usiione mchana peke yake. Irudie jioni, watu wakiwa wametoka kazini, ndipo utajua kama maji yanapanda hadi ghorofa ya tano na kama baa ya chini ina muziki wa kutetemesha madirisha. Mtafute mpangaji kwenye ngazi au kwenye kamba za nguo, umuulize maswali matatu: maji huja siku gani, stima ni mita yako mwenyewe au mnagawana, na aliyehama mwisho alirudishiwa dipoziti? Jibu la swali la tatu lina thamani kuliko picha zote za mtandaoni.

Kagua ukuta chini, karibu na sakafu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaacha wengi bila makao Mathare, Athi River na maeneo mengine yaliyo karibu na mito. Doa la maji ukutani lililopakwa rangi juu bado huonekana ukiangalia kwa makini, na nyumba ya chini inayonuka unyevu wakati wa kiangazi itakusumbua mvua ikianza.

Ajenti akikudai pesa za kukuonyesha nyumba, jihadhari. Maajenti wa nyumba wanatakiwa na sheria kusajiliwa na bodi yao, kwa hivyo una haki ya kumuuliza kuhusu usajili. Na hata awe amesajiliwa, usitume dipoziti ya nyumba ambayo hujaingia ndani ukaiona kwa macho yako. Ule ujumbe wa "kuna watu wengine watatu wanaitaka, tuma haraka nikushikie" ndio umewamaliza wanafunzi wengi wiki ya kufungua chuo. Nyumba nzuri ikikuponyoka, mwezi ujao itapatikana nyingine. Pesa ukishamtumia mtu aliyezima simu, kuzipata ni shida.

Siku ya kuingia: dakika thelathini tu

Hizi ndizo dakika thelathini zitakazoamua kama Sh11,000 zitarudi. Fanya mambo haya kabla hujashusha godoro.

Pata makubaliano yaliyoandikwa. Si lazima yawe kurasa kumi za wakili. Ukurasa mmoja unatosha ukiwa na majina na nambari za vitambulisho, nambari ya nyumba, kodi na siku ya kuilipa, kiasi cha dipoziti, nani anaishikilia, itarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya kuhama, na ni vitu gani vinaweza kukatwa. Usingoje sheria ikuwekee idadi ya siku. Iandikeni wenyewe, mathalan siku 14 au siku 30.

Hapo kwenye "nani anaishikilia" pana mtego. Jengo likiuzwa, au landilodi akibadilisha ajenti, utaambiwa, "Dipoziti yako ilikuwa kwa yule wa zamani, mtafute." Makubaliano yakitaja kwamba ajenti anapokea kwa niaba ya mwenye nyumba, deni linabaki kwa mwenye nyumba hata ajenti akienda.

Soma kifungu cha rangi. Makubaliano mengi husema mpangaji atapaka rangi akihama au atakatwa gharama. Kama kipo, uliza ni shilingi ngapi na kiandikwe kiasi hicho. Pia nyumba iwe imepakwa rangi unapoingia. Huwezi kurudisha ukuta mweupe ambao hukupewa.

Piga picha na video. Kila chumba, kila kona, choo kikivutwa maji, bomba likifunguliwa, swichi zikiwashwa, vioo, vitasa, mita ya maji na mita ya stima zikionyesha namba. Kisha usizifiche kwenye simu ambayo kesho inaweza kuibwa kwenye matatu. Zitume kwa landilodi au msimamizi wa ploti kwa WhatsApp siku hiyohiyo, na maneno mafupi: "Hii ndiyo hali ya nyumba B7 leo nikiingia. Kioo cha dirisha la jikoni kina ufa na kitasa cha choo hakifungi." Sasa una tarehe, una picha na una mtu aliyezipokea.

Lipa mahali palipoandikwa. Kama makubaliano yanataja nambari ya Paybill au akaunti ya benki, usikubali kutuma kwa nambari ya keateka kwa sababu "landilodi yuko safarini." Pesa taslimu bila risiti ni zawadi. Ujumbe wa M-Pesa usiufute, na ukiupoteza unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako.

Mwezi wa mwisho

Sasa unahama. Toa notisi kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp, ukitaja tarehe ya kutoka. Lipa kodi ya mwezi wa mwisho. Najua utasema huu ndio ushauri mgumu kuliko yote, na ni kweli. Lakini ukikaa mwezi bila kulipa, umegeuka mdaiwa. Landilodi atahesabu kodi, maji, rangi na kioo, kisha atakwambia bado una deni lake. Ukiwa umelipa kila kitu, yeye ndiye mwenye deni lako.

Siku nne au tano kabla ya kutoka, mwite mkague nyumba pamoja. Mwonyeshe video ya siku ya kuingia. Kama kuna bomba linalovuja kwa sababu yako, mtafute fundi wewe mwenyewe. Bomba ambalo fundi wa mtaani angelirekebisha kwa mia chache linaweza kuandikwa elfu mbili kwenye orodha ya makato. Mkimaliza, andikeni mlichokubaliana na kiasi kitakachorudi. Siku ya kukabidhi funguo piga picha tena, pamoja na mita.

Landilodi, na wewe sikiliza

Si malandilodi wote ni matajiri wa kupuuzwa. Wapo walimu waliostaafu wakajenga vyumba sita kwa mkopo wa Sacco, na vijana waliorithi ploti ya wazazi na sasa wanaisimamia kwa simu. Kwao pia karatasi ni kinga.

Dipoziti si mapato yako. Ukiitumia kununua saruji, siku mpangaji akihama utalazimika kusubiri mpangaji mpya alipe ndipo umrudishie wa zamani, na hapo ndipo ahadi za "kuja wiki ijayo" huanzia. Iweke kwenye akaunti ya kando. Ukikata kitu, toa orodha na risiti ya fundi. Mpangaji aliyekatwa Sh1,500 akaonyeshwa risiti atanung'unika tu. Aliyekatwa Sh9,000 bila maelezo atawaambia watu wote asiingie mtu kwenye ploti yako.

Mpangaji akishindwa kulipa, kufunga mlango wake kwa kufuli, kung'oa mabati au kukata maji na stima ili atoke kunaweza kukugeuza wewe uliyekuwa unadai kuwa mshtakiwa. Sheria inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu, na Katiba katika kifungu cha 31 inalinda nyumba ya mtu dhidi ya kupekuliwa na mali yake dhidi ya kutwaliwa ovyo. Sheria inakuruhusu kudai kodi kwa kushika mali ya mpangaji, lakini kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni anayefuata utaratibu wake, si ya vijana wa mtaa uliowalipa. Na kumtoa mtu aliyekataa kuhama ni kazi ya mahakama.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Baadhi ya malandilodi hukwepa mikataba na risiti wakihofia Mamlaka ya Ushuru, KRA. Tangu Januari 2024, ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za makazi ni asilimia 7.5 ya kodi unayopokea, kutoka asilimia 10 iliyokuwapo, kwa mwenye kupata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Vyumba vitatu tu vya Sh8,000 tayari vinafikisha hizo Sh288,000. Pesa zikiingia kwa M-Pesa au benki zimeacha alama tayari. Kumnyima mpangaji risiti hakukufichi popote, kunakunyima tu ushahidi siku utakapouhitaji.

Mkishindwa kuelewana

Anza na barua ya kudai, fupi na yenye adabu: ulilipa kiasi gani, lini, ulihama lini, na unampa siku ngapi kulipa. Ambatisha ujumbe wa M-Pesa na picha. Wengine hulipa hapo wakiona umejipanga. Ikikwama, ofisi ya chifu imewahi kuwapatanisha wengi, na haina gharama ya wakili.

Ikishindikana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa na sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na baadaye ikafikishwa miji mingine. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi Sh1 milioni, inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Dipoziti iliyokataliwa kurudishwa ni pesa zako zilizo mikononi mwa mtu mwingine, na dai la aina hiyo liko ndani ya uwezo wake. Mzozo wa nani akae kwenye nyumba, huo hauamuliwi pale.

Na wewe hasla uliyepanga kibanda cha kinyozi, saluni au chakula, fahamu kwamba sheria yako ni nyingine, Sura ya 301. Kama huna mkataba wa maandishi, au mkataba wako hauzidi miaka mitano, kwa kawaida landilodi hawezi kukupandishia kodi au kukutoa kwa maneno matupu. Anatakiwa kukupa notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi, na una nafasi ya kuipinga mbele ya jopo la majengo ya biashara.

Linganisha hapo uone ajabu yake. Kibanda unachonyolea watu kina jopo. Chumba unacholala, kikizidi Sh2,500, hakina. Mwanasiasa atakayekuja mtaani kwenu kuomba kura na kusifu majengo mapya ya serikali, muulizeni swali hilo moja: ile sheria ya wapangaji iliishia wapi? Nyumba za bei nafuu ni jambo jema, lakini kijana wa Pipeline hatapewa funguo zake mwezi ujao. Mwezi ujao atalipa kodi palepale alipo.

Hadi Bunge litakapoamka, ulinzi wako ni ukurasa mmoja uliotiwa saini na video ya dakika mbili. Kama unahamia keja mpya mwisho wa mwezi huu, acha godoro kwenye pikapu kidogo, na uwashe kamera kwanza.